Barua Moja Kila Ijumaa

Wiki iliyopita niliwaacha nimesimama nyuma ya kiti cha fundi, chai inanimwagikia vidoleni nami sisikii moto wake. Fundi alikuwa ameniuliza, "Dada, kuna mtu anatuma barua pepe moja kila Ijumaa kwa jina la kampuni yenu. Moja tu. Nani huyo?"

Nikamjibu sijui. Huo ulikuwa uongo wa kwanza wa wiki, na ilikuwa bado Jumatatu asubuhi.

Kwa wewe uliyeingia leo, nikuchoree kwa ufupi. Nimeolewa kwenye ukoo wa vyerehani. Mama mkwe wangu, ambaye watu wote humwita Mama Cherehani, anauza mashine za kushona na vipuri vyake. Mimi ndiye ninayeandika barua pepe ya kila Jumanne kwa washonaji elfu kumi na moja. Wiki hii nawafundisha kuweka kola, wiki ijayo nawatangazia mashine ya kudarizi. Barua hiyo ndiyo iliyokuwa ikituletea wateja.

Kisha barua zikaanza kutumbukia kwenye folda ya taka za watu. Simu za oda zikanyamaza. Mashine mia moja na ishirini zimelala stoo na plastiki zake, na wafanyakazi kumi na wanne wanaulizana kwa macho nani atatangulia kuambiwa kwaheri. Ndipo akaitwa fundi huyu, ambaye hamalizi sentensi tatu bila kutaja muhuri, basi sote tukamwita Muhuri.

"Mtu yeyote anaweza kuandika jina lenu kwenye sehemu ya mtumaji," alitueleza siku ya kwanza. "Kampuni kubwa za barua pepe zimechoka kudanganywa. Sasa zinataka vitu vitatu. Kwanza orodha ya seva mlizoziruhusu kutuma kwa jina lenu. Pili muhuri ndani ya kila barua, usioghushika. Tatu agizo lenu wenyewe: barua isiyo na hata kimoja kati ya hivyo, waiache ipite, waitupe kwenye taka, au waikatae mlangoni."

"Na sisi tuna vingapi?" aliuliza mume wangu.

"Hamna hata kimoja, kaka. Nyumba haina mlango, na mnashangaa wageni."

Akaweka agizo la kuangalia tu, ili kila asubuhi wapokeaji watuletee ripoti ya nani anatuma kwa jina letu. Baada ya wiki kadhaa ripoti zikatuletea wageni wawili tusiowajua. Wa kwanza ni walaghai, wanatuma maelfu kuuza sindano na vipuri feki. Wa pili ni huyo wa barua moja kila Ijumaa.

Huyo wa pili ni mimi.

Hebu nikiri yote, maana nimechoka kuibeba peke yangu. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, aligombana na mama yake juu ya duka. Yeye alitaka liuzwe. Mama akamwambia litauzwa siku akifukiwa. Shemeji akaenda zake nchi ya mbali, akaandika mara tatu kutoka anwani yake ile ile ya kampuni, kisha kimya.

Miezi saba, kimya. Mama akawa hali, haongei, anashinda kitandani akiangalia ukuta. Duka likawa linafunguliwa saa tano.

Basi Ijumaa moja mchana nikajiandikisha kwenye huduma ya bure ya kutuma barua pepe. Palipotaka jina la mtumaji nikaandika anwani ya shemeji. Nilitegemea mashine iniambie wewe mama, acha utapeli. Haikuniambia kitu, ikatuma. Barua ikaangukia kwenye folda ya taka ya simu ya Mama. Nikaichukua simu, nikabonyeza "si taka", nikamhifadhi shemeji kwenye majina, nikamsomea.

Ndiyo, nilimsomea mwenyewe. Miwani ya Mama ilikaliwa na mteja mmoja mwenye mwili wake, na Mama akakataa kununua nyingine. "Ninaye mkwe," alisema, "miwani ya nini?"

Nilipomaliza kusoma, Mama alikaa kitako, akauliza kama kuna uji. Kesho yake duka lilifunguliwa saa mbili.

Ningeachaje baada ya hapo? Wanasema za mwizi ni arobaini. Mimi nilishazipita zamani, maana hiyo ni miaka miwili, Ijumaa mia moja na nne. Majibu Mama alinitamkia nami nikayaandika, ila kutuma alipenda kubonyeza mwenyewe. Yalikwenda kwenye sanduku la shemeji, ambalo Mama alikataa katakata kulifunga. Mimi nilijua hakuna anayelifungua.

Na nikiri na hili: mara mbili shemeji alimshauri mama yake kwamba yule mkwe apewe Jumamosi ya kupumzika. Nilipewa.

Lakini neno moja sikulidanganya. Mama yangu mzazi alifariki sijaota meno ya utu uzima. Kila nilipoandika "Mama mpendwa", nilikuwa nampenda huyo niliyemwandikia.

Basi rudini nami Jumatatu. Muhuri alikuwa ameshapanga orodha ya seva zetu, na Jumanne ilikuwa zamu ya barua ya kwanza kwenda ikiwa na orodha kamili. Nywila ya kuingia kwenye ile orodha tulikuwa nayo watu watatu: yeye, mume wangu na mimi.

Saa kumi na moja jioni, wenzangu walipokuwa wanafunga madirisha, nikaingia. Nikaongeza mstari mmoja mdogo, wa ile huduma yangu ya bure. Nikajiambia, orodha ina mistari mingi, nani atauona? Ijumaa barua yangu itapita kama mtoto wa nyumbani, na siku ambayo Mama ataamua zisizo kwenye orodha zikataliwe, mimi nitakuwa ndani.

Nilienda nyumbani nimejipongeza. Ujanja wangu ndio unaonimalizaga.

Jumanne saa nne asubuhi tukatuma barua elfu kumi na moja. Saa tano Muhuri alikuwa ameshika kichwa.

"Zimeanguka," alisema. "Taka, taka, taka. Nyingine zimerudishwa kabisa."

"Si ulisema tukiwa na orodha zitapita?" mume wangu akauliza.

"Zingepita. Jana mchana nilijaribu, zikapita." Akafungua orodha, akahesabu kwa kidole, midomo ikicheza. Kidole kikasimama. "Nani ameongeza huu?"

Nikasogea kama na mimi nautafuta.

"Mstari mmoja una ubaya gani?" niliuliza. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine.

"Una ubaya, dada. Mpokeaji anaposoma orodha yetu, kila huduma inamlazimu aende kuuliza. Anaruhusiwa kuuliza mara kumi tu. Mlikuwa mmeshafika kumi, niliwapangia kwa shida. Huu ni wa kumi na moja. Akifika hapo haruki mmoja, anaitupa orodha nzima."

Mimi, kwa kumbeba shemeji hewa, nilikuwa nimewaangusha washonaji elfu kumi na moja na wafanyakazi kumi na wanne.

"Nywila tunayo watatu," Muhuri akasema taratibu. "Mimi sikuongeza."

Mume wangu alinitazama. Sijui aliona nini usoni kwangu. Akakohoa.

"Labda ni mimi," alisema. "Jana nilikuwa nagusagusa humo. Nisamehe, fundi."

Uongo mtupu. Jana huyu mume wangu alishinda stoo akipanga mashine. Alidhani nimekosea tu kwa kutojua, akanifunika mbele ya watu. Nilitamani ardhi ipasuke, na ardhi, kama kawaida yake, haikunisikiliza.

Muhuri akafuta mstari. Kabla sijapumua, Mama akaingia.

"Mmepata nini huko?"

"Mama, walaghai tumewaona," alisema Muhuri. "Tukifunga mlango hawatapita. Ila yupo mwingine ananichanganya. Anatuma barua moja tu, kila Ijumaa, kupitia huduma ya bure huko nje. Na anatumia jina lenu."

Mama alikunja uso. Kisha uso ukafunguka, akacheka mpaka akashika meza.

"Ijumaa? Mwanangu huyo! Huyo ni mtoto wangu mkubwa, ananiandikia. Fundi, usimfungie mwanangu nje. Mwandike kwenye orodha yako."

Nikasema moyoni, nimepona. Nilisema mapema mno.

"Sawa, Mama," Muhuri akasema. "Lakini yeye ana sanduku lake humu kwenye kampuni, naliona. Akiandika kutoka humo, barua inatoka na muhuri wenu, hana haja ya orodha. Kwa nini anazunguka nje?"

Kicheko cha Mama kilipungua kidogo kidogo. Akanitazama mimi, si fundi.

"Mwanangu, unajua kwa nini?"

"Sijui, Mama." Huo sasa ni uongo wa ngapi? Nilishaacha kuhesabu.

"Basi tumuulize. Chukua simu uandike."

Akatamka, nikaandika, vidole vyangu vyenyewe: *Mwanangu, huku kuna fundi wa barua. Anauliza barua zako unazituma kupitia wapi, na kwa nini hutumii sanduku lako. Mjibu, ili wasije wakakufungia mlango.* Mama akaichukua simu, akaiweka mbali na macho, akatafuta kile kitufe kwa kidole gumba, akabonyeza.

Imekwenda kwenye sanduku la mtu asiyekuwepo. Nilijifariji hivyo.

Jumatano Mama hakuja dukani. Aliaga kwamba kichwa kinamuuma, anapita kwa daktari wa macho. Mimi nilifurahi kupata siku moja bila kutazamwa.

Alhamisi Muhuri alimaliza kazi ya muhuri. Alituma barua ya majaribio kwangu, kwa mume wangu na kwa washonaji kumi wa karibu. Zote kumi na mbili zikaingia panapostahili. Mshonaji mmoja akapiga simu papo hapo kuuliza bei ya mashine ya kudarizi. Wenzangu walipiga makofi, na mpokea simu akatoa machozi. Nami nilipiga makofi, jamani, nilipiga kwa nguvu kuliko wote, maana kazi za watu zilikuwa zimerudi. Kwangu mimi ulikuwa ni mlango unafungwa na niko upande usiofaa.

"Sasa agizo," Mama alisema. Alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu saa ngapi. "Zisizo na muhuri wetu, zikataliwe."

"Mama, huwa tunasubiri wiki kadhaa," Muhuri akasema. "Tunaanza kuzitupa kwenye taka kwanza, tuone hatujamuumiza mtu wetu."

"Kuna mshonaji kanunua sindano feki kwa jina langu, zimemvunjikia kwenye gauni la harusi. Funga mlango. Kesho."

"Na yule wa Ijumaa?" nilijikuta nasema. "Mama, shemeji je? Hajajibu bado."

Mama alinitazama kwa upole, na upole ule ulinitisha.

"Kama ni mwanangu," alisema, "atapita mlango wa mbele."

Usiku ule nilipiga hesabu. Nilikuwa na njia tatu na zote ni ukuta. Nikiendelea kuandika, barua zitakataliwa, na ripoti zitamwonyesha Muhuri kila jaribio. Nikiacha ghafla, Mama atarudi kitandani kuangalia ukuta. Nikisema kweli, nitampoteza mama wa pili, na huyu nitakuwa nimemuua mimi kwa mdomo wangu.

Nikachagua ya nne, ya waoga. Ningemuaga. Agizo lingewekwa saa sita mchana, Muhuri alivyosema. Ijumaa saa nne asubuhi nikajifungia stoo, katikati ya mashine na plastiki zake, nikaandika barua ya mwisho ya shemeji: *Mama mpendwa, nimepata kazi kwenye meli kubwa, huko hakuna mtandao. Usiponisikia usidhani nimekusahau. Kula vizuri. Na yule mkwe wako, mshike.*

Nilifuta hiyo sentensi ya mwisho. Nikairudisha. Nikatuma.

Dakika haikuisha. Ile huduma ya bure ikaniletea ujumbe: barua yako imekataliwa na mpokeaji.

Nilitoka stoo mbio, nikamkuta Muhuri anakunywa chai.

"Si ulisema saa sita?"

"Mama kanipigia saa mbili, kasema nisingoje. Kwani kuna tatizo, dada?"

"Hakuna."

Kwa hiyo shemeji alikufa saa nne asubuhi mlangoni kwa mama yake, na hakuna aliyejua isipokuwa mimi. Nikarudi mezani. Nikaanza kutunga namna ya kumtuliza Mama jioni itakapofika bila barua. Mtandao huko una shida, ningesema. Au ana kazi nyingi. Sisi waongo huwa hatukosi mtaji.

Saa saba mchana simu ya mezani ikalia. Ni Mama, ofisini kwake.

"Njoo, mwanangu. Barua ya Ijumaa imeingia."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Barua gani, Mama?"

"Ya mwanangu. Kwani Ijumaa huwa tunapata barua gani nyingine?"

Niliuvuka ule ukumbi haraka. Yangu ilikuwa imekataliwa, nimeuona ujumbe kwa macho yangu. Ofisini Mama amekaa kwenye kiti chake, Muhuri amesimama pembeni na kompyuta mkononi, meno yote nje.

"Dada, imepita!" alisema. "Nimeikagua. Imetoka humu humu, kwenye sanduku lake. Orodha sawa, muhuri sawa. Huyu ni yeye kabisa, hakuna ubishi."

 Nilikuwa naelewa taratibu, kama mtu anayehisi maji viatuni. Lile sanduku halikuwa tupu. Kila jibu ambalo Mama alinitamkia lilifika, na chini ya kila jibu barua yangu ilikuwa imening'inia nzima, neno kwa neno. Miaka miwili shemeji amekuwa akisoma barua zake ambazo hakuziandika.

"Fundi, ahsante," Mama akasema. "Tupishe kidogo. Na ufunge huo mlango."

Mlango ukafungwa. Mama akanisogezea simu juu ya meza.

"Nisomee."

Barua ilikuwa fupi. Niliimaliza kwa mtazamo mmoja.

*Mama, tangu niondoke nimekuandikia mara tatu tu. Nyingine zote si zangu. Nilizisoma, nikaona aibu kukuambia, kwa sababu aliyeziandika ni mtoto mwema kuliko mimi. Nataka kurudi nyumbani. Lakini kabla sijarudi, muulize anayekusomea.*

"Mbona kimya?" Mama alisema. "Anasemaje?"

Nilimtazama. Dirisha lilikuwa nyuma yake, sikuuona uso wake vizuri. Nilifikiria zile meza na vile vitambaa alivyonifundisha kukata, nikafikiria jina lile "mwanangu" ambalo hakuna mwingine duniani anayeniita. Jamani, nilikuwa na nafasi. Mlango umefungwa, tuko wawili, ukweli umeshaandikwa, kazi yangu ilikuwa kuutamka tu.

Nikakohoa kusafisha koo.

"Mama mpendwa," nilisoma, "hujambo? Mimi mzima. Nimepata kazi kwenye meli kubwa, na huko hakuna mtandao..."

Nilisikia kitu kinafunguka, tak. Nikainua macho. Mama alikuwa ametoa mkobani kikasha kidogo cheusi. Akatoa miwani mpya, bado ina karatasi ya bei kwenye mkono mmoja. Akaivaa bila haraka, akaisukuma juu ya pua kwa kidole, akanitazama.

"Nimeshaisoma mara tatu kabla sijakuita," alisema. "Endelea, mwanangu. Nataka kujua hiyo yako inaishaje."